Tom Robinson Si Ndege



Kuna vitabu vyenye kusifiwa na kila mtu, na kwa sababu hiyo hakuna mtu anayevichungulia tena vizuri. Kimoja ni hadisi ya Harper Lee, mwanamke wa Marekani, iliyotoka mwaka 1960 kwa jina la « To Kill a Mockingbird ». Wengi wetu tuliisoma kwa Kifaransa. Mapadri wenye kufundisha katika seminari ndogo huiweka mikononi mwa vijana, nao vijana huipenda, kwani ni hadisi ya watoto wanaocheza, ya nyumba yenye kuogopwa, na ya avoka asiyekubali kuinama. Sisi pia tunaipenda. Lakini mwaka jana, tulipokwisha kuisoma pamoja na darasa moja, kijana mmoja mwenye kukaa nyuma, asiyesema mara nyingi, aliinua mkono akauliza: « Padri, mbona tumesema juma zima juu ya uhodari wa yule avoka, na juu ya yule aliyekufa hatukusema neno? »

Hatukuwa na jibu tayari. Maneno yanayofuata ndiyo jibu letu, ingawa limechelewa.

I. Mwandishi na nchi yake

Harper Lee alizaliwa tarehe 28 Aprili 1926 katika mji mdogo wa Monroeville, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, akafa mwaka 2016. Baba yake alikuwa avoka. Mji wa hadisi unaitwa Maycomb. Hauko kwenye ramani, lakini umefanana na Monroeville kama mtoto na mzazi wake. Mambo yenyewe yanapita kati ya mwaka 1933 na 1935, wakati wa ufukara mkubwa: wakulima hawana feza, wanamlipa avoka wao kwa kuni na mboga.

Utumwa ulikuwa umefutwa katika Marekani tangu mwaka 1865, lakini katika majimbo ya kusini sheria na desturi ziliendelea kutenga watu: masomo ya weusi mbali, viti vya gari la moshi mbali, na hata makanisa mbali. Katika tribinali neno la mtu mweusi halikuwa na uzito wa neno la mzungu. Na wale watu 12 wanaochaguliwa kati ya raia ili kusema kama mshitakiwa ana kosa ao hana — tuwaite wazee wa baraza — walikuwa wazungu watupu.

Mwandishi hakuota mambo hayo. Mwezi wa Machi 1931, vijana 9 weusi walikamatwa katika Alabama ile ile. Wanawake wawili wazungu waliwashitaki kwamba wamewakamata kwa nguvu ndani ya gari la moshi. Kesi ilianza katika mji wa Scottsboro, na baada ya juma chache vijana 8 walihukumiwa kuuawa. Mwaka 1933 mmoja wa wale wanawake alirudi mbele ya tribinali, akakana ushuhuda wake wa kwanza. Hata hivyo wazee wa baraza wakamhukumu mshitakiwa mara ya pili. Mwamuzi James Horton akaifuta hukumu hiyo, kwa kuwa aliona ushuhuda hausimami. Mwaka uliofuata watu hawakumchagua tena kuwa mwamuzi. Hakuna hata mmoja wa wale 9 aliyeuawa kwa hukumu hiyo, lakini wengine walipoteza miaka mingi gerezani, na jimbo la Alabama halikumaliza kuwasamehe mpaka mwaka 2013, wakiwa wote wamekwisha kufa. Kuwasamehe: twaandika neno hilo kwa aibu, maana hawakukosa.

Kitabu kilitoka wakati moto ule ulipokuwa ukiwaka tena. Mwaka 1955 weusi wa Montgomery, mji mkuu wa Alabama, waliacha kupanda mabasi. Wakatembea kwa miguu siku 381, mpaka sheria ya kutenga viti ikavunjika. Mwaka huo huo Emmett Till, mtoto mweusi wa miaka 14, aliuawa katika jimbo la Mississippi, na wale walioshitakiwa wakaachiliwa na wazee wa baraza ambao wote walikuwa wazungu. Mwaka 1961 kitabu cha Harper Lee kilipata tunzo la Pulitzer, na mwaka 1962 kikafanywa sinema. Basi, hakikusomwa kama hadisi ya zamani. Kilisomwa kama swali lenye kuulizwa siku ile.

II. Hadisi yenyewe

Mwenye kusimulia ni Scout, binti wa avoka Atticus Finch. Hadisi inapoanza hajatimiza miaka 6. Inapokwisha anakaribia 9. Kaka yake Jem anamzidi miaka 4. Mama yao alikufa zamani, na mwenye kuwalea ni Calpurnia, mpishi mweusi, mkali na mwenye mapendo. Msomaji wetu atashangaa kwanza kuona watoto hao wanamwita baba yao kwa jina lake, Atticus, kama vile mtu wa rika lao. Asifanye haraka kuwalaumu. Mwandishi ataka tuone baba asiyejificha nyuma ya ukubwa wake, mwenye kujibu maswali ya watoto bila kuwadanganya.

Sehemu ya kwanza ni michezo. Jem na Scout, pamoja na rafiki yao Dill, wanatafuta namna ya kumtoa nje Arthur Radley, wanayemwita Boo, mtu aliyefungiwa nyumbani miaka mingi, na watu wa mji wanamsimulia kama zimwi. Lakini zimwi huyo anawawekea zawadi kidogo kidogo ndani ya tundu la mti: feza za zamani, sanamu mbili za sabuni, saa isiyotembea.

Sehemu ya pili ni tribinali. Tom Robinson, mtu mweusi wa miaka 25, mwenye mke na watoto watatu, anashitakiwa kwamba amemkamata kwa nguvu Mayella Ewell, msichana mzungu wa miaka 19, binti wa mlevi mmoja mwenye kukaa karibu na jalala la mji. Atticus anapewa kazi ya kumtetea, naye anamtetea kweli kweli. Anaonyesha wazi kwamba Mayella alipigwa upande wa kuume wa uso, ni kusema kwa mkono wa kushoto. Kwamba Bob Ewell, baba yake, ni mtu wa mkono wa kushoto. Na kwamba mkono wa kushoto wa Tom umekufa tangu alipokuwa mtoto, mashini ya pamba iliuharibu. Kila mwenye macho ameona. Wazee wa baraza wanakaa masaa mengi, wanarudi usiku, wanasema: ana kosa. Halafu, kabla kesi haijapelekwa kwa tribinali ya juu, Tom anajaribu kutoroka gerezani, na walinzi wanamwua; risasi 17 zimeingia mwilini mwake. Bob Ewell, aliyeaibishwa mbele ya watu, anawavizia watoto wa Atticus usiku. Boo Radley anatoka nyumbani mwake, anawaokoa, na Ewell anakufa kwa kisu.

III. Uhodari wenye kusifiwa

Kuhusu uhodari, mwandishi anawafundisha watoto kwa mifano mitatu, na ni vizuri kuitenganisha.

Mfano wa kwanza ni wa mbwa. Siku moja mbwa mwenye kichaa anaingia katika njia yao, na Atticus, ambaye watoto walimzania kuwa mzee asiyejua lolote, anamwangusha kwa risasi moja tu. Jem anajaa majivuno. Baba yake hafurahi. Hataki mtoto azani kwamba mwenye bunduki ndiye mwanamume.

Mfano wa pili ni wa Bibi Dubose, kikongwe mwenye kinywa kichungu, anayewatukana watoto kila wanapopita. Jem, kwa hasira, anaharibu maua yake, na kwa azabu anapashwa kumsomea kitabu kila siku. Kisha kifo chake ndipo watoto wanapojua siri: kikongwe alikuwa mtumwa wa dawa ya kutuliza maumivu, akataka kufa akiwa huru, akashindana na tamaa hiyo mpaka akaishinda. Alijua kwamba atakufa hata hivyo. Ndiyo maana ya uhodari kadiri ya Atticus: kuanza kazi ukijua umekwisha kushindwa, na kuifikisha mwisho. Twamsifu mwandishi hapa, maana hakuchagua mtakatifu kuwa mfano wake. Alichagua mwanamke mwenye chuki na majivuno ya kizungu. Mtu anaweza kuwa hodari katika neno moja na kipofu katika neno lingine, na kijana mwenye kukua anapashwa kulijua hilo mapema.

Mfano wa tatu ni wa gereza. Usiku wa kabla ya kesi, Atticus anakaa kwenye kiti mbele ya mlango, anasoma gazeti chini ya taa, kwani ajua watu watakuja kumtoa Tom ili wamwue. Wanakuja kweli. Scout anajipenyeza katikati yao, anamtambua baba wa mwenzake wa masomo, anaanza kumwuliza habari za mtoto wake. Yule mtu anaona haya, anawarudisha wenzake nyumbani. Kundi halina uso. Mtoto amempa mmoja wao uso wake tena.

Mifano hii mitatu ni mizuri, na ndiyo tuliyoieleza darasani juma zima. Lakini twaona sasa kwamba yote mitatu ni ya wazungu. Ndani ya gereza lile, nyuma ya mlango ule, kulikuwa na mtu mwenye kusikiliza gizani watu wanaotaka kumwua. Kutoka kwake twasikia sauti moja tu, fupi, inayouliza kama wamekwisha kwenda. Kisha tunamwacha, tunarudi nyumbani pamoja na Scout.

IV. Uhodari usiosemwa

Tufungue basi ukurasa ambapo Tom mwenyewe anasema mbele ya tribinali, tuusome pole pole.

Tom alikuwa anapita kila siku mbele ya nyumba ya Ewell kwenda kazini shambani. Mayella alimwita mara nyingi: apasue kuni, achote maji. Alikubali, na feza alikataa, kwani aliona msichana yule hana msaada. Kumbuka hali ya Mayella: mama amekufa, baba mlevi, wadogo zake 7 wako juu yake, na katika uchafu ule wote maua mekundu aliyopanda ndani ya vyombo vibovu. Mwaka mzima aliweka akiba ya senti ili wadogo zake waende mjini kununua barafu tamu, naye abaki peke yake na mtu mmoja aliyemtendea vema. Ndiye aliyemkumbatia Tom. Baba yake aliona dirishani. Mengine yote yanatoka hapo.

Sasa msemaji wa serikali anamwuliza Tom: sababu gani ulifanya kazi zote hizo bila malipo? Tom anajibu kwamba alimsikitikia. Mara moja watu wananyamaza kwa gazabu. Mtu mweusi kumsikitikia mzungu! Angeweza kusema: niliogopa kukataa. Angeweza kusema: nilitaka feza. Jibu kama hilo lingewaachia wazungu majivuno yao, na labda lingemsaidia. Yeye alisema lililokuwa kweli, yaani kwamba alimtazama Mayella kama mtu mwenye taabu, si kama mzungu, na kwamba moyo wake uliguswa. Kwa neno hilo moja alijiweka sawa naye. Hilo ndilo kosa ambalo mji wa Maycomb haukuweza kumwachilia.

Sisi tunaosoma Injili, tulisahau nini? Twajua mfano wa Msamaria. Mtu wa taifa lenye kuzarauliwa anapita njiani, anamwona mwenye taabu, anamhurumia. Tom Robinson ni Msamaria aliyekamatwa kwa sababu alisimama. Na ushuhuda wake, kadiri ya kanuni ile ile ya Atticus, ni uhodari kamili: alijua atashindwa, akasema kweli mpaka mwisho. Tena bei yake ni nyingine kabisa. Atticus akishindwa anarudi nyumbani, anakuta chakula. Tom akishindwa anakufa.

Hapo twapata la kulaumu katika kitabu. Mwandishi anamfananisha Tom na ndege. Atticus anawaambia watoto, wanapopewa bunduki zao za kuchezea, kwamba kumwua ndege huyo mwimbaji ni zambi, na jirani yao Bibi Maudie anaeleza sababu: ndege huyo hana ubaya wowote, ni kuimba tu. Tom anapokufa, mwenye gazeti la mji anaandika kwamba ni kama kuua ndege wenye kuimba. Ndege mwenyewe wa Marekani ni yule mwenye kuiga sauti za ndege wengine. Watafsiri wa Kifaransa walihangaika naye: mwaka 1961 wakamfanya « rossignol », mwaka 1989 « alouette », na mwaka 2005 tu wakamrudishia jina lake, « oiseau moqueur ». Mfano huo unapendeza sikioni, na kumhusu Boo Radley unafaa. Lakini ndege hachagui. Ndege haoni taabu ya mwingine akaacha njia yake. Ndege hasemi kweli mbele ya maadui zake. Tukisema kwamba Tom ni ndege asiye na ubaya, tunamsikitikia, na kumbe tunamnyang'anya kitu kikubwa alichokuwa nacho: alikuwa mtu mzima mwenye zamiri, aliyechagua.

V. Watoto wanakua, lakini watoto gani?

Watu husema kitabu hiki ni kitabu cha kukua, nao wana haki. Dill analia katika tribinali kwa sababu ya sauti ya zarau ambayo msemaji wa serikali anamtumia Tom. Jem, aliyeamini kwamba kweli ikionyeshwa itashinda, analia hukumu inaposomwa, na tangu siku ile si mtoto tena. Scout mwishoni anasimama kwenye baraza ya Boo Radley, anatazama njia yao kwa macho ya yule aliyefungiwa, anaelewa miaka miwili kwa mara moja. Kukua, kwa mwandishi huyu, ni kuweza kusimama mahali pa mwingine na kuona kutoka pale. Fundisho zuri, hasa kwa kijana anayejitayarisha kusikiliza maungamo ya watu.

Lakini watoto watatu wa Tom, nao walikua namna gani? Kitabu hakisemi. Twamwona mmoja tu, mdogo sana, siku Atticus anapokwenda kwao na Calpurnia; mama yake Helen anawaona wale wawili, anaanguka chini kabla hawajasema neno. Kisha mlango unafungwa.

Mara moja tu mwandishi anatuingiza upande wa pili wa mji, na ukurasa huo ni bora kuliko nyingine nyingi. Atticus yuko safarini, na Calpurnia anawapeleka watoto siku ya Mungu katika kanisa lake. Mwanamke mmoja, Lula, anawakataa: wazungu wana kanisa lao, wanatafuta nini hapa? Wengine wanawakaribisha. Hakuna vitabu vya nyimbo, kwani wachache tu wanajua kusoma. Mmoja anataja mstari, wengine wote wanauimba. Halafu mchungaji Sykes anahesabu sadaka ya kumsaidia Helen, asiyepata kazi tangu mume wake afungwe, anaona haitoshi. Anaamuru mlango ufungwe, hakuna mtu kutoka mpaka dola 10 zitimie. Watu fukara wanatoa senti moja moja. Zinatimia.

Angalieni, ndugu. Huo nao ni uhodari, na haukufanywa na mtu mmoja. Ni wa kundi zima, wa senti moja moja, mlango ukiwa umefungwa na jasho likitiririka. Na Scout anatambua jambo lingine: Calpurnia ana namna mbili za kusema, moja katika nyumba ya wazungu, nyingine kati ya watu wake. Wangapi kati yetu hawajui mzigo huo wa kuwa na luga mbili?

VI. Mabibi wenye machozi

Kuna sehemu nyingine inayotugusa sisi kuliko wasomaji wote, nasi tunashangaa kwamba haitajwi sana. Mabibi wa chama cha misioni wanakusanyika nyumbani mwa Atticus, kwa mwaliko wa shangazi ya watoto, wanakunywa na kula maandazi. Wanasimulia habari za misionari mmoja mwenye kukaa kwa kabila la mbali liitwalo Wamruna. Mmoja wao, Bibi Merriweather, anatoka machozi kwa ajili ya taabu ya watu hao. Kabla machozi hayajakauka, analalamika kwamba wapishi weusi wa mji wamenuna tangu kesi ile, na kwamba nuna hiyo haivumiliki. Tena, akiwa anakula chakula cha Atticus, anamsema Atticus kwa mafumbo.

Kabila la Wamruna halipo duniani, mwandishi alilitunga. Lakini sisi tuliozaliwa katika nchi za misioni tunajitambua mara moja: ni sisi tuliokuwa tunaliliwa pale, kati ya kikombe na andazi. Tusicheke haraka mno. Somo si la Wazungu peke yao. Ni rahisi kumpenda mtu asiyekaa karibu nawe. Wa mbali hana harufu, hana deni kwako, haombi kuketi kwenye kiti chako. Wa karibu, mwenye luga nyingine ao kabila lingine, ndiye anayepima mapendo yetu. Mwalimu wa Scout naye anakosa vile vile: darasani anawahurumia Wayahudi wanaoteswa na Hitler, na siku ya kesi, akitoka tribinali, alisema kwamba ilikuwa wakati weusi wapewe fundisho. Scout, mwenye miaka 8, anauliza ginsi gani mtu aweza kumchukia Hitler na kuwatendea hivyo jirani zake. Kila katekista na aliandike swali hilo mbele ya meza yake.

Na katikati ya chai ile ndipo Atticus anapoingia jikoni na habari ya kifo cha Tom.

VII. Sheria iliyoinama mara mbili

Tuseme neno la mwisho juu ya mwisho wa kitabu, kwani wanafunzi wa teolojia ya maadili watafaidika nalo. Bob Ewell amekufa. Mkubwa wa polisi ajua kwamba Boo Radley ndiye aliyemchoma kisu ili kuwaokoa watoto. Anaamua kusema kwamba Ewell aliangukia kisu chake mwenyewe. Sababu yake ni huruma: Boo ni mtu wa haya, akipelekwa mbele ya watu atakufa kwa sifa zao. Atticus, aliyewafundisha wazee wa baraza kwamba katika tribinali watu wote wanapashwa kuwa sawa, anakubali.

Msomaji anafurahi, nasi tulifurahi. Lakini tupime. Katika kitabu hiki sheria imeinama mara mbili. Mara ya kwanza imeinama ili kumwua mtu mweusi asiye na kosa. Mara ya pili imeinama ili kumfunika mzungu mmoja mwenye haya. Hatusemi kwamba Boo alifanya ubaya. Kuokoa watoto si zambi. Twasema tu kwamba mkubwa wa polisi yule yule, mtu mwema, alijua njia ya kuokoa mtu nje ya tribinali, na kwa Tom njia hiyo haikumjia akilini. Je, mwandishi aliiona tofauti hiyo? Labda. Lakini hakuiandika, na Scout analala usingizi pamoja na baba yake karibu.

Mwaka 2015 kitabu kingine cha Harper Lee kilitoka, « Go Set a Watchman », alichokiandika kabla ya hiki. Ndani yake Scout amekuwa mwanamke, anamkuta Atticus mzee kati ya wazungu wenye kukutana ili watu weusi wasipewe haki sawa. Wasomaji wengi walihuzunika kama watu waliofiwa. Sisi tunazani kwamba huzuni hiyo ilifaa kitu. Ilifundisha kwamba hakuna haki ya kutosha ikiwa inategemea wema wa bwana mmoja. Weusi wa Montgomery hawakumngojea Atticus.

VIII. Tukisome ginsi gani?

Je, tukiondoe kitabu hiki katika masomo yetu? Katika Marekani wengine walifanya hivyo. Mwaka 1966 wakubwa wa masomo wa Hanover, katika Virginia, walikikataa wakisema ni kichafu. Mwaka 2017, katika Biloxi, jimbo la Mississippi, kiliondolewa darasani kwa sababu ya maneno yenye kuumiza. Kweli, tusi la kuwaita watu weusi limo mara nyingi, na mwalimu mwenye kukisoma na vijana anapashwa kuwatayarisha. Lakini sisi hatutakiondoa. Kitabu chenye kuonyesha uzalimu wazi hivi, na kwa luga ambayo mtoto anaielewa, si rahisi kukipata.

Tutabadili tu namna ya kukisoma. Tusianze na Atticus tena. Tuanze na ushuhuda wa Tom, tuwaulize vijana maswali matatu: Aliona nini kwa Mayella ambacho wengine hawakukiona? Aliweza kusema nini kingine ili ajiokoe? Na nani alilipa bei ya fundisho ambalo Jem na Scout walilipata? Baada ya hapo turudi kwa Atticus, naye hatapungukiwa kitu. Kesho yake ya hukumu aliamka akakuta mlango wa jikoni umejaa kuku, mikate, mboga na nyama, zawadi ya watu weusi wasio na kitu, machozi yakamtoka. Alijua, kuliko sisi wasomaji wake, nani alikuwa amepoteza zaidi.

Kijana yule mwenye kukaa nyuma tumemwomba asome ushuhuda wa Tom kwa sauti mbele ya wenzake, muhula ujao utakapoanza. Amekubali. Ameomba juma moja la kujitayarisha, kwa kuwa, alivyosema, maneno hayo hayasomwi haraka.